Kadimiamu Ileile, Maji Tofauti

Kipimo cha kadimiamu, kikitolewa peke yake, hakitoshi kutuambia kama uduvi wataishi au watakufa. Bahari ina takriban gramu 35 za chumvi katika kila kilo ya maji, lakini mto unapomwaga maji yake, chumvi hiyo hupungua sana, na kiasi cha metali ambacho uduvi walikistahimili baharini chaweza kuwaangamiza hapo. Sababu kubwa ni kloridi, iliyo sehemu kuu ya chumvi ya bahari. Kloridi huishika kadimiamu, na ikishashikwa haipenyi kwa urahisi mwilini mwa mnyama. Hatari imo katika ioni chache zinazobaki huru, kwani hizo huweza kupita kwenye matamvua kwa njia zilezile zinazopitisha kalsiamu, na kalsiamu, inayoshindana nazo kwenye njia hizo, nayo hupungua chumvi ikipungua.

Mtu anaweza kupinga kwamba kinachoua ni maji yenyewe: krasteshia kama uduvi, akiwa katika maji yenye chumvi haba, hutumia nguvu nyingi kufyonza chumvi isimwishie mwilini, basi hudhoofika hata bila sumu. Pingamizi hilo lina uzito, na udhaifu huo ni wa kweli. Ila mwaka 1978 William Sunda na wenzake nchini Marekani walichapisha jaribio juu ya kamba wadogo aina ya Palaemonetes pugio. Chumvi ilipoongezwa, sumu ya kadimiamu ilipungua. Ilipungua pia walipotia NTA, kemikali inayoshika metali. Vifo viliandamana na wingi wa ioni huru. Kama tatizo lingekuwa uchovu wa mnyama tu, NTA isingemwokoa.

Shaba ina mwenendo wake, maana mabaki ya majani yaliyoyeyuka huishika zaidi kuliko kloridi. Na asidhani mtu kwamba bahari huisafisha kadimiamu: kloridi hiyohiyo huibandua kutoka kwenye chembe za tope la mto na kuiacha ikielea majini. Kwa hiyo kikomo kilichowekwa kwa maji ya bahari wazi hakifai kutumika kwenye delta kama ya Rufiji, ambako maji ya mto na ya bahari husukumana kila siku. Huko kadimiamu ipimwe pamoja na chumvi, tena wakati wa masika, maji yakiwa yamekupwa.