Mbegu ya mwarobaini haitaki friji

Ukitoka mjini kwa Barabara ya Bagamoyo, kuanzia Tegeta hadi Bunju, au ukishika Barabara ya Kilwa kuelekea Mbagala na Kongowe, utapita vitalu vya miche vilivyopangwa pembezoni mwa lami. Mwarobaini haukosi wateja huko. Anayejenga Boko au Chamazi anautaka kwa kivuli, mwingine kwa majani na magome ya dawa. Mtaji wa kuanzia si mkubwa, lakini faida huamuliwa mapema sana, kwenye mbegu.

Dar es Salaam haina baridi ya kuua mbegu. Hata Julai, usiku, joto kwa kawaida halishuki sana chini ya nyuzi 18. Baridi ya kuogopwa ni ya friji. Mbegu za mahindi au mchicha zikikaushwa vizuri na kuwekwa penye ubaridi hudumu muda mrefu, na ni rahisi kudhani mwarobaini nao uko hivyo. Hauko hivyo. Mbegu yake ikiingia kwenye friji ingali na unyevu, kiini huumia na haioti tena. Ikiachwa nje na unyevu wake, huota ukungu, na baada ya wiki chache uwezo wa kuota umeshuka vibaya.

Kuikausha husaidia, ila huleta tatizo jingine, nalo ndilo lisilosemwa vya kutosha. Mbegu iliyokauka sana ikilowekwa kwenye maji baridi, ngozi laini za seli zake hushindwa kujirudi, zikapasuka. Moussa Sacandé, mtafiti wa Burkina Faso aliyelichunguza tatizo hilo na wenzake wa Wageningen, Uholanzi, alionyesha kwamba maji ya uvuguvugu, kama nyuzi 35, hupunguza sana madhara hayo. Kwa mwenye kitalu, dawa hiyo ni sufuria moja ya maji.

Hasara ya mbegu kutoota ni kubwa kuliko bei yake. Anayejaza viriba 1,000 kisha nusu visiote ameshalipia udongo, samadi, maji na kibarua wa vyote 1,000. Mbaya zaidi, masika yameshaanza, wateja wanapita, na yeye ndiyo kwanza anatafuta mbegu upya.

Kwa hiyo naona anayeuza mbegu za mwarobaini bila kuandika tarehe ya kuziokota anamtwisha mnunuzi hatari yote. Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, ambao unauza mbegu za miti kutoka kituo chake cha Morogoro, una nafasi ya kulifanya hilo kuwa kawaida ya soko zima. Hadi hapo, kitalu kilicho karibu na miti inayozaa kina njia nafuu zaidi: kuokota matunda yaliyoiva, kuosha nyama yake siku hiyo hiyo, kuanika mbegu kivulini na kuzipanda ndani ya wiki moja. Zilizochelewa ziuzwe kwa wakamuaji wa mafuta, maana wao hawahitaji mbegu inayoota.