Wimbo Upi Aliuimba Vyema Zaidi? Wapenzi wa Bi Kidude na Uhakiki wa Sauti



Swali ninalolileta mbele yenu si geni kwa yeyote aliyewahi kukaa barazani na wapenzi wa taarab. Katika nyimbo zote alizoziimba Fatuma binti Baraka, ambaye wengi wetu tunamjua kwa jina la Bi Kidude, ni upi aliouimba vyema kuliko nyingine? Bi Kidude alifariki Unguja tarehe 17 Aprili 2013, lakini ubishi huo haukuzikwa naye. Baadhi yetu huudhani kuwa ni mazungumzo ya kupitishia muda. Katika mhadhara huu ninakusudia kuonyesha kwamba ubishi huo ni uhakiki kamili, wenye vigezo vyake, na kwamba taaluma yetu inaupuuza kwa hasara yake yenyewe.

Tuanze na neno taarab. Asili yake ni mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kusisimkwa moyo, iwe kwa furaha au kwa huzuni. Utanzu huu, basi, haukupewa jina kutokana na ala zake wala umbo la mashairi yake, bali kutokana na hali inayompata msikilizaji. Tangu mwanzo hadhira ndiyo iliyowekwa kuwa hakimu.

Uhakimu huo ulipanuka kwa kazi ya Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba na muuza vyungu, aliyefariki mwaka 1950. Taarab iliyokuwa ikipigwa katika jumba la Sultani iliimbwa kwa Kiarabu. Siti na wenzake waliiimba kwa Kiswahili, na mwaka 1928 wakasafiri hadi Bombay kurekodi santuri. Tangu hapo mkazi wa Ng'ambo asiyejua Kiarabu aliweza kupima si utamu wa sauti peke yake, bali pia namna sauti inavyolibeba neno. Hata wapinzani wake walihukumu kwa kigezo hicho. Katika wimbo wa kejeli waliomtungia, walidai kwamba isingekuwa sauti yake asingekuwa na cha kula. Walikusudia kumdhalilisha, kumbe wameitolea sauti yake ushahidi.

Bi Kidude alizirithi nyimbo za zama hizo, zikiwamo Kijiti na Muhogo wa Jang'ombe. Jambo hili lina umuhimu wa kimbinu. Wimbo ule ule unapopita katika vinywa viwili, maneno yakibaki karibu yale yale, kinachojitokeza waziwazi ni tofauti ya sauti. Ndiyo maana wapenzi wake wanapobishana, mara nyingi hubishana kwa kulinganisha, na katika hoja zao tunaweza kubainisha vigezo vitatu.

Kigezo cha kwanza ni matamshi. Wanaokishikilia husema kwamba mwimbaji bora ni yule ambaye neno lake linafika. Hao huupendelea wimbo wa kisa kama Kijiti, unaosimulia mauaji ya mwanamke, kwa kuwa msikilizaji akikosa neno moja amekosa kisa.

Kigezo cha pili ni pumzi. Hapa husifiwa uwezo wa kuivuta silabi, kuipandisha na kuishusha bila kukatika. Wanaarudhi wetu huhesabu kila silabi kuwa mizani moja, na kwa shairi lililoandikwa hesabu hiyo inatosha. Katika uimbaji, silabi moja yaweza kupitishwa katika noti nyingi, na nyingine ikaguswa tu na kuachwa. Tena, mkazo wa neno la Kiswahili kwa kawaida huwa katika silabi ya pili kutoka mwisho, ilhali mahadhi yaweza kuuhamishia kwenye silabi ya mwisho, panapokaa kina. Umahiri ni kuuhamisha mkazo na bado neno likatambulika. Hapo ndipo kigezo cha kwanza na cha pili vinapovutana, na ndiyo sababu ubishi hauishi: anayependa neno na anayependa pumzi hawasikilizi kitu kimoja.

Kigezo cha tatu ni kukolea. Sauti ya Bi Kidude uzeeni ilikuwa na mikwaruzo, na wapo waonao kuwa hiyo ilikuwa kasoro. Wengine hushikilia kwamba mikwaruzo ndiyo iliyoukoleza wimbo. Hawa hutukumbusha kuwa alikuwa pia mwimbaji na mpigaji ngoma wa unyago, ambako sauti hushindana na ngoma pasipo kipaza sauti. Aliyemsikia akiimba mbele ya fidla na ganuni tu hawezi kueleza nguvu ile ilitoka wapi.

Sasa tujiulize taaluma yetu imefanya nini. Tunapotafiti taarab, aghalabu tunaunukuu wimbo karatasini, tunahesabu mizani, tunachambua tamathali za usemi, kisha tunahitimisha. Sauti tumeiacha mlangoni. Maandishi mengi ya kigeni nayo, hasa baada ya Bi Kidude kupata tuzo ya WOMEX mwaka 2005, yalivutiwa mno na umri wake, kana kwamba kuishi miaka mingi ndiyo sanaa yake. Wapenzi wake hawakufanya kosa hilo. Walimsikiliza.

Ipo sababu nyingine ya kutuharakisha. Upande mmoja wa santuri za zama za Siti ulibeba dakika tatu hivi, kwa hiyo nyimbo zililazimika kufupishwa. Anayemhukumu Siti kwa santuri anahukumu sehemu tu ya uimbaji wake. Kwa Bi Kidude, rekodi zinazojulikana zaidi ni za uzeeni. Sauti yake ya ujana na ya utu uzima imehifadhiwa katika kumbukumbu za watu waliomsikia, na watu hao wanapungua kila mwaka. Akiondoka mmoja, hatukupoteza shabiki tu. Tumepoteza ushahidi ambao hakuna maktaba itakayoturudishia.

Kwa hiyo ninawaomba wanafunzi mlio hapa: mnapokwenda uwandani, msiishie kunukuu maneno ya nyimbo. Ketini na wasikilizaji wazee, wasikilizeni wakibishana, na andikeni maneno wanayoyatumia wanaposifu na wanapokosoa. Waulizeni ni mahali gani hasa katika wimbo walipoguswa, katika silabi ipi, na kwa nini. Majibu yao ndiyo yatakayotupatia istilahi za kuhakiki uimbaji kwa Kiswahili, zilizokuzwa na watu wanaoujua. Wimbo upi Bi Kidude aliuimba vyema zaidi? Sikuja kukata shauri hilo. Nimekuja kuomba tulisikilize kabla baraza halijavunjika.