Baridi ya Wiki ya Sikukuu: Kwa Nini Theluji Huchagua Mji

Alhamisi ya nne ya mwezi wa Novemba ni Sikukuu ya Shukrani nchini Marekani. Siku hiyo, iliyothibitishwa kwa sheria ya mwaka 1941, huangukia mwishoni mwa majira ya kupukutika kwa majani, wakati baridi ya kaskazini imekwisha kuanza kushuka. Mamilioni ya watu husafiri ili kula pamoja na jamaa zao. Kwa hiyo utabiri wa hali ya hewa wa wiki hiyo husomwa kwa makini sana, na swali la wasomaji huwa moja: je, barabara zitapitika?

Pahali ambapo swali hilo ni gumu ni ukanda wa Maziwa Makuu ya Amerika ya Kaskazini, hasa mji wa Buffalo, ulio kwenye ncha ya mashariki ya Ziwa Erie. Jumatatu tarehe 20 Novemba 2000, siku 3 kabla ya sikukuu, theluji ya kina cha zaidi ya sentimeta 60 iliuangukia mji huo katika muda usiotimia siku moja. Ilizidi wakati ambapo watu walikuwa wakirejea makwao. Magari yalikwama barabarani kwa maelfu, na miongoni mwa waliokwama walikuwamo wanafunzi waliokuwa wakirudishwa nyumbani kwa mabasi.

Ziwa lililohifadhi joto

Asili ya theluji hiyo ni tabia ya maji ambayo kila mwanafunzi wa fizikia huifahamu: maji hupata joto polepole, na hupoa polepole. Mwishoni mwa Novemba maji ya juu ya Ziwa Erie huweza kuwa bado na nyuzi 8 au 10 za Sentigredi, ilhali hewa ishukayo kutoka Kanada ni baridi zaidi. Hewa hiyo ipitapo juu ya ziwa, tabaka lake la chini hupata joto na mvuke. Hewa yenye joto ni nyepesi, kwa hiyo hupanda. Ipandapo hupoa, na mvuke wake hugeuka mawingu na theluji. Watabiri hulinganisha joto la maji na joto la hewa katika kimo cha mita 1,500 hivi. Tofauti ikifikia nyuzi 13, hali imekuwa tayari.

Hata hivyo, joto peke yake halitoshi. Mwelekeo wa upepo ndio uamuao. Ziwa Erie lina urefu wa kilomita 388 hivi, kutoka kusini-magharibi kwenda kaskazini-mashariki. Upepo ukivuma kwa kuufuata urefu huo, hewa hukaa juu ya maji kwa muda mrefu, na mawingu hujipanga katika mkanda mmoja mrefu na mwembamba, wenye upana wa kilomita chache au makumi machache tu. Upepo ukigeuka kidogo, mkanda wote huhama.

Mfano ulio wazi ni wa mwezi wa Novemba 2014, wiki moja kabla ya sikukuu. Baadhi ya vitongoji vya kusini na mashariki ya Buffalo vilifunikwa na theluji ya zaidi ya mita 1.5, huku mitaa ya kaskazini ya eneo hilohilo ikipata sentimeta chache tu. Watu zaidi ya 10 walikufa.

Jinsi ya kuusoma utabiri

Mwaka 1963 mwanasayansi Edward Lorenz alionyesha kwamba tofauti ndogo mno katika hali ya mwanzo ya hewa huweza kuzaa tofauti kubwa baada ya siku kadhaa. Kwa sababu hiyo, watabiri hufanya hesabu zao kwa kompyuta mara nyingi, kila mara wakiibadili kidogo hali ya mwanzo. Majibu yakikubaliana, wana haki ya kusema kwa uthabiti; yakitawanyika, hutaja uwezekano tu.

Basi, wiki moja kabla, utabiri huweza kueleza kwamba hewa ya baridi inakuja. Siku 2 au 3 kabla, huweza kutaja wilaya zilizo hatarini. Lakini ni barabara ipi itakayofungwa, hilo hujulikana zaidi saa chache kabla ya tukio. Msafiri aliyesoma taarifa ya Jumamosi na kuipuuza ya Jumatatu hana haki ya kuilaumu sayansi. Utabiri ni taarifa inayonolewa kila siku, na hufaa kusomwa upya.

Kanuni hii haihusu theluji peke yake. Katika Ziwa Viktoria, usiku nchi kavu hupoa upesi kuliko maji. Upepo huvuma kutoka pande zote za pwani kuelekea ziwani. Hewa hukutana, hupanda, na kuzaa mvua za radi kati ya usiku wa manane na asubuhi, saa ambazo wavuvi wamo majini. Tufani hizo nazo ni finyu na za ghafla. Mvuvi aliyesikia taarifa ya asubuhi ana wajibu wa kuisikiliza tena ya jioni kabla ya kuitweka ngalawa yake.

Mwalimu aweza kuidhihirisha kanuni hii kwa makopo mawili. Moja lijazwe maji, na jingine mchanga mkavu. Yaanikwe juani kwa saa 2, kisha yahamishiwe kivulini, na wanafunzi wapime joto la kila kopo baada ya kila dakika 10 na kuchora mistari ya vipimo vyao. Katika tofauti ya mistari hiyo miwili wataiona asili ya theluji ya Buffalo, na ya radi ya Mwanza.