Ukambani, Makanisa Yaliyopoteza Kuta

Mtanzania aliyezoea kanisa la Mkunazini, Zanzibar, lililoanza kujengwa mwaka 1873 palipokuwa na soko la watumwa, au misheni ya Bagamoyo ya mwaka 1868, akiingia Ukambani, yaani kaunti za Kitui na Makueni nchini Kenya, anaweza kudhani amefika penye Ukristo wa juzi. Makanisa hayahesabiki, lakini mengi ni ya matofali mapya na mabati yanayometa, wala hakuna mji mkongwe wenye minara ya kuzungukia kwa miguu. Dhana hiyo haina msingi. Mmisionari Krapf alifika Kitui mwaka 1849, na mwaka uliofuata Injili ya Marko ikapigwa chapa kwa Kikamba huko Tübingen, Ujerumani, miaka 18 kabla ya misheni ya Bagamoyo. Ukongwe upo, kuta ndizo hazikudumu, na anayetaka kuijua nchi hii aanze kwa kuuliza kwa nini.

Barabara itokayo Kibwezi, kupitia Ikutha na Mutomo hadi Kitui, inajibu sehemu kubwa ya swali hilo. Kibwezi ndipo Waskoti wakiongozwa na James Stewart walipofungua misheni mwaka 1891, wakivutwa na chemchemi zake. Homa iliwaandama, na mwaka 1898 kazi ikahamishiwa nyanda za juu, Thogoto, katika nchi ya Wakikuyu. Anayelistaajabia kanisa la mawe la Thogoto leo anatazama mti ambao mbegu yake ilipandwa kwenye joto la Kibwezi. Kaskazini-magharibi ya Kibwezi, chini ya mlima Nzaui, Peter Cameron Scott alianzisha kituo cha kwanza cha African Inland Mission mnamo Desemba 1895; kabla mwaka mmoja haujatimia alikuwa amekufa. Juu ya homa ikaja njaa kubwa ambayo Wakamba huiita Ngomanisye. Katika hali hiyo nani angechonga mawe? Walijenga kwa udongo na nyasi, mchwa wakafanya yao. Ikutha inatuhusu zaidi sisi Watanzania. Walutheri wa Leipzig waliohubiri hapo, na baadaye Mulango karibu na mji wa Kitui, ni wa shirika lile lile lililoingia Kilimanjaro mwaka 1893. Kwetu kazi yao imezaa sharika kubwa za KKKT. Huku, Vita Kuu ya Kwanza iliwakuta Wajerumani ndani ya milki ya Mwingereza, wakaondolewa, na vituo vyao vikapita mikononi mwa African Inland Mission. Mbegu moja ilipandwa pande mbili za mpaka uliochorwa Ulaya, na mpaka huo ndio ulioamua jina la kanisa ambalo mjukuu wa muumini wa kwanza angebatizwa ndani yake.

Atakuwepo wa kusema kwamba mgeni hatembelei sababu, hutembelea majengo, na pasipo ukuta wa kugusa hakuna ziara. Hoja hiyo ina uzito, na inadai kwamba makaburi na misingi iliyobaki itunzwe na kuwekewa vibao kabla haijamezwa na vichaka. Lakini jengo zuri linaweza pia kuficha. Mkunazini macho huinuka juu, na mgeni asipoambiwa hatajua mabwana wa soko lile walikuwa nani. Nzaui, ambako mlima ni ule ule na jua ni lile lile, mtu huelewa upesi gharama iliyolipwa.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba habari hizi zote ni za wageni. Zingekuwa hivyo kama Krapf angefika peke yake. Alipokelewa na Kivoi, mfanyabiashara wa Kitui ambaye misafara yake ya pembe ilifika Mombasa, na waliposhambuliwa karibu na mto Tana mwaka 1851 aliyeuawa alikuwa Kivoi. Krapf aliponea chupuchupu. Baadaye, mwaka 1945, Wakamba wenyewe walianzisha African Brotherhood Church, kanisa lisilosubiri mmisionari yeyote. Na ni kutoka Kitui ambako Krapf, mwezi Desemba 1849, aliuona mlima wenye theluji ambao Kivoi alikwisha kumsimulia, akaliandika jina lake kama alivyolisikia kwa Wakamba, jina ambalo nchi nzima inaitwa hadi leo.