Omena Hukifungua Chuma cha Ugali

Sokoni Kakamega, omena, samaki wadogo wa Ziwa Victoria, hupimwa kwa gorogoro au kikombe, na mnunuzi makini huisugua kwanza kiganjani kuona kama ina mchanga. Nyumbani huchambuliwa, ikaoshwa kwa maji moto, ikakaangwa kwa kitunguu, nyanya na dania, pengine na manjano na pilipili. Wengi huiona chakula cha mfuko uliokauka. Mimi naiona miongoni mwa vyakula bora tulivyo navyo.

Kwa kuwa huliwa nzima, kichwa na mifupa, omena hutupa kalisi, zinki, chuma na vitamini B12, ambayo sukuma wiki haina. Lakini kazi yake kubwa huanza inapokutana na ugali tumboni. Mahindi yana chuma, ila yana pia fitati, kemikali inayokishikilia chuma hicho kisipenye utumbo kuingia kwenye damu. Mwaka 1968, Miguel Layrisse na wenzake nchini Venezuela walichapisha majaribio waliyofanya kwa chuma chenye mnururisho, ambacho kingeweza kufuatiliwa hadi ndani ya damu ya mlaji. Mahindi na maharagwe yalipoliwa pamoja na samaki au nyama ya ndama, chuma cha mahindi na maharagwe hayo kilifyonzwa zaidi. Yaani samaki haleti chuma chake tu. Hukifungua na kile cha ugali na mboga.

Viungo navyo vina neno. Mwaka 2006, utafiti uliofanywa kwa wanawake vijana nchini Thailand ulionyesha kwamba pilipili kali nyingi ilipunguza ufyonzaji wa chuma kwa zaidi ya theluthi moja, ilhali manjano hayakuupunguza. Nyanya husaidia kwa vitamini C yake, na ndimu ikikamuliwa sahanini husaidia zaidi, maana haijapikwa. Adui mkubwa ni chai. Majani yake hukifunga chuma, nasi tumezoea kuinywa papo kwa papo na chakula. Ingoje saa moja au mbili.

Katika nyumba nyingi baba hupakuliwa omena, watoto wakaachiwa mchuzi. Mama mjamzito na mtoto aliyetimiza miezi sita ndio wenye haja kubwa ya chuma. Wapakulieni omena yenyewe. Ya mtoto huyo isagwe iwe laini, itiwe kwenye uji au ugali wake.