Mmarekani wa Gondokoro aliyetaka kuigeuza njia ya biashara

Dereva aliyetoka Mombasa au Kampala hushusha pumzi akifika Gumbo. Hapo, ukingo wa mashariki wa mto Nile, safari yake inakaribia kwisha. Mbele yake kuna daraja, na ng'ambo kuna Juba na wateja wake. Wapo wanaoshusha unga, saruji na sabuni, wapo wanaotafuta mzigo wa kurudi nao, na wapo wanaosubiri karatasi zao zikamilike.

Ukiufuata ukingo huohuo kuelekea kaskazini, si mbali, unafika Gondokoro. Miaka 150 hivi iliyopita, mwanajeshi mmoja wa Kimarekani aliondoka hapo akaelekea kusini kwa kazi ambayo mfanyabiashara wa leo ataielewa bila kufafanuliwa. Alitumwa kumvuta Kabaka wa Buganda upande wa Misri, ili pembe za ndovu zilizokuwa zikienda Zanzibar zipite Gondokoro.

Jina lake ni Charles Chaillé-Long. Alizaliwa mwaka 1842 katika mji wa Princess Anne, jimbo la Maryland. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoikumba Marekani kati ya 1861 na 1865, alipigana upande wa Kaskazini, upande wa serikali, na akamaliza akiwa kapteni. Amani iliporudi, maofisa wengi walibaki hawana kazi. Wakati huo Khedive Ismail, mtawala wa Misri, alikuwa akitafuta watu wa kulijenga upya jeshi lake, na hakutaka kuwategemea Waingereza wala Wafaransa. Akaajiri Wamarekani kadhaa, waliopigania Kaskazini na waliopigania Kusini, wakawa chini ya bendera moja ya Misri. Chaillé-Long aliingia mwaka 1869 akiwa luteni kanali.

Ismail alikuwa na hamu ya kuutawala mto Nile hadi kwenye chanzo chake. Mwaka 1871 Mwingereza Samuel Baker, aliyemtumikia, alipandisha bendera ya Misri Gondokoro na kupaita mahali hapo Ismailia. Baker alipomaliza mkataba wake, nafasi ya gavana wa Ekwatoria ilichukuliwa na Mwingereza mwingine, Charles Gordon. Chaillé-Long akawa mnadhimu wake mkuu.

Kabla hata ya kufika Gondokoro, Gordon alitoa amri akiwa Khartoum, mwezi Machi 1874. Biashara ya pembe za ndovu ilifanywa kuwa ukiritimba wa serikali. Mtu asiingie Ekwatoria bila kibali, na asiingize silaha wala baruti. Sababu iliyotajwa ilikuwa kukomesha biashara ya watumwa, na ni kweli kwamba wafanyabiashara wa Khartoum walikuwa wameziharibu nchi za Wabari na majirani zao kwa kuteka watu. Lakini pembe ndizo zilizotarajiwa kuilipia gharama serikali hiyo mpya. Anayetoa kibali ndiye aliyekuwa mnunuzi, na hakukuwa na mnunuzi wa pili.

Gordon alifika Gondokoro katikati ya Aprili 1874. Tarehe 24 mwezi huohuo Chaillé-Long alikuwa njiani kwenda Buganda, katika msimu wa mvua, na askari wachache. Alifika Rubaga kwa Kabaka Mutesa tarehe 20 Juni, baada ya siku 57. Ameandika kwamba alimpanda farasi hadi huko, na kwamba watu ambao hawakuwahi kumwona mnyama huyo walidhani farasi na mpandaji ni kiumbe kimoja.

Mutesa alimpokea kwa heshima kubwa, na ya kutisha. Kwa maelezo ya Chaillé-Long mwenyewe, watu 30 waliuawa ili kumheshimu mgeni. Aliyaandika hayo katika kitabu alichokitoa mwaka 1876, na jina la kitabu hicho linawadharau watu wa Afrika ya Kati waziwazi. Alikunywa na kula kwa wenyeji wake, kisha akawaandika kama mtu asiyedaiwa shukrani.

Jambo ambalo hakulipima vizuri ni kwamba Mutesa hakuwa mtu wa kufundishwa biashara. Wafanyabiashara Waarabu na Waswahili walikuwa wakifika Buganda tangu miaka ya 1840, kwa njia ya Tabora na Karagwe. Walileta nguo, bunduki na shanga, wakaondoka na pembe na watumwa. Kabaka alijua Kiswahili, na bei za pwani zilizungumzwa barazani kwake. Mgeni kutoka kaskazini alikuwa kwake mnunuzi wa pili, na huenda akawa ngao dhidi ya Bunyoro. Mwenye mali hufurahi akipata wanunuzi wawili. Hilo halimaanishi kwamba amemfukuza wa kwanza.

Chaillé-Long alirudi akidai kwamba Mutesa alikubali kuwa chini ya Misri. Yaliyofuata yanaonyesha thamani ya makubaliano hayo. Mwaka 1876 Gordon alipeleka askari wapatao 160 wakae katika mji mkuu wa Kabaka. Badala ya wao kumtawala, wakajikuta wamo mikononi mwake, na ikabidi Emin, aliyekuwa akimtumikia Gordon, aende kuwaombea njia ya kutoka.

Safari ya kurudi ndiyo iliyompa Mmarekani huyo jina katika jiografia. Aliufuata mto kwa mitumbwi akitokea Buganda, akapita katika ziwa ambalo hakuna mgeni kutoka Ulaya au Marekani aliyekuwa ameliandika. Yeye aliliita Ibrahim, kwa jina la baba wa Khedive. Wenyeji waliendelea kuliita Kyoga, na hilo ndilo jina lililomo kwenye ramani hadi leo. Karibu na Mruli, mwezi Agosti, watu wa Kabarega, Omukama wa Bunyoro, walimzuia kwa mitumbwi mingi. Alipigana akapita, lakini alijeruhiwa usoni.

Wakati huo Gordon alikuwa ameanza kupiga hesabu, na hesabu yake ilikataa. Kutoka Gondokoro hadi Khartoum ni zaidi ya kilomita 1,600 kwa mto, tena katikati kuna magugu yanayoziba njia. Mwanzoni mwa 1875 alimwandikia Khedive kwamba Buganda inafikika kwa urahisi zaidi kutoka Bahari ya Hindi. Akapendekeza kituo kwenye Ghuba ya Formosa, ambayo wengi wanaijua kama Ghuba ya Ungwana, kusini ya Lamu.

Khedive alituma meli, na Chaillé-Long alikuwa mmoja wa viongozi wa msafara huo. Mwezi Oktoba 1875 Wamisri waliteka Barawa na Kismayu, bandari zilizokuwa chini ya Sultani wa Zanzibar, na Chaillé-Long akaupanda mto Juba wa Somalia. Mto huo hauhusiani na mji wa Juba ulio kando ya Nile, ingawa majina yanafanana. Sultani Barghash akapeleka malalamiko kwa Waingereza, nao wakambana Khedive. Amri ya kuondoka ikatolewa kabla hata ya kuonekana njia ya kufika Buganda. Mwezi Novemba mwaka huohuo Ismail, akiwa amezama katika madeni, aliiuzia Uingereza hisa zake za Mfereji wa Suez. Mwaka 1879 aliondolewa madarakani. Njia iliyojengwa kwa mkopo na bunduki ilikatika mahali pote pawili.

Chaillé-Long aliacha jeshi, akasomea sheria New York, akafanya kazi ya uwakili Alexandria. Mwaka 1882, Waingereza walipoushambulia mji huo kwa mizinga, alishika kazi ya ubalozi mdogo wa Marekani na kuwahifadhi wakimbizi. Baadaye serikali yake ilimpeleka Korea kuwa balozi mdogo mkuu, kuanzia 1887 hadi 1889. Alifariki mwaka 1917. Wakati huo reli kutoka Mombasa ilikuwa imefika Kisumu tangu 1901, na mali ya Buganda ilikuwa ikielekea baharini, kama Gordon alivyokisia na kama watu wa pwani walivyojua zamani.

Leo mwendo umegeuka kabisa. Gondokoro ilikusudiwa kuwa mlango wa kupokea mali ya kusini na kuipeleka Khartoum. Sasa eneo hilo ndilo mwisho wa njia inayoanzia Mombasa. Barabara ya lami ya kilomita 192 kutoka Nimule hadi Juba ilijengwa kwa fedha za msaada wa Marekani na kufunguliwa mwaka 2012. Safari iliyomchukua Chaillé-Long siku 57 inachukua siku chache kwa lori lisilokwama. Sudan Kusini iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016, na Somalia, yenye Kismayu, mwaka 2024. Bandari mpya ya Lamu, jirani ya ghuba aliyoitaja Gordon, ilipokea meli yake ya kwanza mwaka 2021, na mpango wake ni kuifikia Juba.

Hata hivyo mambo ya Machi 1874 hayajawa ya kale. Zaidi ya mara moja madereva wamegoma Elegu kwa sababu ya usalama na malipo ya njiani. Mfanyabiashara bado anaulizwa kibali juu ya kibali, na kila kizuizi kinaongeza bei ya mfuko wa unga unaoshushwa Gumbo.

Wahenga walisema biashara haigombi. Khedive alikuwa na meli, bunduki, gavana hodari na Mmarekani jasiri, lakini hakuweza kuulazimisha mzigo mmoja upite alikotaka yeye. Mzigo ulifuata njia yenye bei nzuri na usumbufu mchache. Wanaosimamia barabara ya Nimule wakilikumbuka hilo, malori yataendelea kufika Gumbo.