Jahazi la Vitofali na Tatizo la Mkuku

Mtumbwi wa Mto Tana hauungwi, huchongwa. Fundi wa Kipokomo huanza na gogo zima, la mwembe kwa mfano, akaondoa kisichotakiwa mpaka kibaki chombo cha kuvukia shamba. Akichimba kupita kiasi, unene uliokwenda haurudi. Teremka na mto mpaka Kipini, kisha fuata pwani hadi Lamu, utakuta kazi ya kinyume: hulazwa mkuku kwanza, fashini zikasimamishwa mbele na nyuma, halafu zikaja mbao na mataruma. Jahazi hukua kwa kuongezwa.

Kijana wa Garsen anayetaka kuunda mfano mkubwa wa jahazi kwa vitofali vya plastiki anafuata njia ya Lamu, ila amekosa kitu kimoja alicho nacho fundi wa Lamu: mti mrefu wa mkuku. Uti wa mgongo wa chombo chake utatokana na vipande vidogo kuliko kidole. Hapo ndipo mifano mingi hukatika, na ndiyo sababu hasa ya kuijenga kwa hatua.

Tuvitazame vitofali vyenyewe. Kampuni ya LEGO ya Denmark iliomba hataza ya mfumo huu tarehe 28 Januari 1958. Kutoka kitovu cha kinundu kimoja hadi kingine ni milimita 8. Kitofali kina kimo cha milimita 9.6, na kibapa, yaani kile chembamba, milimita 3.2. Ndani yake mna mirija inayobana vinundu vya kitofali cha chini kwa msuguano tu, bila gundi wala msumari. Ukikandamiza, muungano huo ni imara ajabu. Ukivuta, unafunguka, maana ulikusudiwa mtoto aweze kubomoa.

Sasa shika kwa ncha zake mbili chombo cha sentimita 90. Uzito unakishusha tumbo. Safu za juu zinabanwa, za chini zinavutwa, na kila kiungio cha chini kinataka kuachama. Dawa ya kwanza anaijua mwashi yeyote anayejenga ukuta: viungio visifuatane, kila kitofali kilalie mpaka wa viwili vilivyo chini yake. Dawa hiyo pekee haitoshi kwa chombo kirefu. Inabidi kuongeza vitofali vyenye matundu ubavuni na pini za kupitisha humo. Ukiweka vibapa viwili kati ya vitofali viwili vya matundu, umbali wa tundu hadi tundu unakuwa milimita 16 kamili, sawa na vinundu viwili, kwa hiyo mhimili wa kusimama unaingia na kufunga tabaka zote pamoja. Hesabu ndogo hii ndiyo siri ya kazi nzima. Wengi huiruka kwa haraka ya kuona omo limechongoka.

Kampuni yenyewe haikuthubutu kuiruka. Seti yake ya Titanic, iliyotoka mwaka 2021, ina vipande 9,090 na urefu wa sentimita 135, kwa kipimo cha 1:200. Bei yake inatosha kununua ng'ombe. Meli hiyo hugawanyika mapande matatu, kila pande likiwa na mifupa yake ya ndani.

Mfano ulio karibu nasi zaidi si wa kuchezea. Lamu, fundi Ali Skanda na wenzake waliunda Flipflopi, jahazi la mita 9 lililotokana na takribani tani 10 za taka za plastiki, likavishwa kandambili zilizookotwa. Lilishushwa majini Septemba 2018, na mapema mwaka 2019 likasafiri hadi Zanzibar. Lile halikuwa la vitofali, lakini ugomvi ni uleule. Plastiki ya madumu na chupa, hata ikiyeyushwa na kufanywa ubao, hupinda kirahisi mno kuliko mti mgumu. Tofauti yaweza kufika mara kumi. Mwenye kuitumia hulipia kwa unene, kwani ubao ukizidishwa unene mara mbili, ugumu wake dhidi ya kupinda huongezeka mara nane.

Ukiamua kuiga Flipflopi kwa kipimo cha 1:10, unapata zile sentimita 90, kama vinundu 112. Mkuku uwe na tabaka tatu au zaidi, zilizofungwa kwa pini. Gawa chombo omo, ngama na tezi, kila pande na mataruma yake. Kabla ya kuyaunganisha, liinue kila moja, lipindue, liache usiku kucha likiegemea ncha moja. Likiachama, tatizo ni lake, usitegemee jirani yake alishike. Ubavu uje baadaye. Mkunjo wake hupatikana kwa kulaza vibapa ubavuni, kwa kuwa vibapa vitano vikipangwa hutoa milimita 16 zilezile. Binafsi naona ngazi chache zikibaki wazi si aibu. Jahazi lililolainishwa sana kwa vipande adimu hupoteza pesa bila kupata sura.

Na pesa ndiyo sababu ya pili ya hatua. Vitofali huuzwa katika miji mikubwa, si Garsen, kwa hiyo kikundi cha shule kinunue vya mkuku na ngama kwanza, kikusanye tena, kisha vya omo na tezi. Kazi inayosubiri ifunikwe: vumbi likiingia kwenye mirija hupunguza mbano, na jua la dirishani hugeuza vipande vyeupe kuwa manjano.

Mlingoti ni wa mwisho. Upitishwe sitaha hadi ukalie mkuku, kama kwenye jahazi la kweli, wala usibandikwe juu ya sitaha, kwa maana foromali, yaani mti unaoshika tanga, na tanga lenyewe la kitambaa vitaung'oa siku ya kwanza. Uwe wa kuchomoka pia. Mapande matatu ya sentimita 30 yanaingia katoni na kupakatwa kwenye matatu ya Malindi. Foromali, ambayo ina urefu unaokaribia wa chombo chenyewe, itabidi iende juu ya keria.